Balozi wa Simu Mpya

Siku kampuni ilipowagawia madereva wake simu mpya, Godefroid Kalumba aliipokea yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa kubatizwa. Alirudi nayo nyumbani Dilala, mjini Kolwezi, ikiwa imefungwa ndani ya leso, akaiweka juu ya kabati la sahani, akamwambia mkewe, Ndaya:

"Isiguswe na muntu."

"Ni ya nini?" Ndaya akauliza.

"Ya kazi. Tangu lundi hakuna tena karatasi. Asubuhi unatazama basi, unaandika mu telefone: pneu, frein, mafuta, namna ulilala. Mangaribi unaandika tena. Na bakubwa banakuandikia humo humo, unajibu. Banasema ni culture digitale."

"Na mwenye hajui?"

"Mwenye hatajua mpaka mwisho wa mwezi, banamutosha ku volani, haendeshi tena. Anaenda kuosha mabasi mu garage."

"Na weye unajua?"

Godefroid alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu liliandikwa humo, akaivaa tena. "Mi ni shofere, Mama Gael. Njia ya Fungurume naweza kuipita na macho yakiwa yamefungwa."

"Sikukuuliza njia ya Fungurume."

Hakutaka kumweleza yaliyompata kwenye mafunzo mchana ule. Kampuni ilimleta Madame Chancelle kutoka Lubumbashi, mwanamke kijana mwenye sauti ya redio, aje kuwazoesha wafanyakazi maisha ya kidijitali. Aliwaambia kila mmoja aitazame simu yake usoni ili imtambue. Godefroid aliitazama kwa utiifu, muda mrefu, bila kupepesa, mpaka Nkulu, fundi mkuu wa karakana, akamgusa begani. "Tata Godefroid, ile ni mugongo ya telefone." Ukumbi mzima ulicheka, na hata Madame Chancelle alijifanya kukohoa. Mtu aliyeendesha mabasi ya wachimbaji tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi alijiona mjinga mbele ya vijana aliowafundisha kurudi nyuma na trela.

Ndaya hakuhitaji kuelezwa. Yeye aliuza vitenge kwa simu yake mwenyewe, simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui, na wateja wake walikuwa Likasi, Tenke, hata Kasumbalesa. Alijua kupiga picha ya kitenge upande wenye mwanga, alijua kuandika "chérie" mahali panapostahili, alijua kumjibu mteja mgumu kwa utani mpaka alainike. Jumatatu asubuhi, Godefroid alipokuwa amekaa juu ya kiti cha plastiki akiikodolea macho simu ya kazi, Ndaya alijifuta mikono kwenye kitenge chake, akaichukua.

"Zunguka basi," akasema. "Unaona, unaniambia. Mi nafinya."

Ndivyo ilivyoanza. Basi lililala uani mwao, na kila alfajiri majirani walimsikia Godefroid akilizunguka huku akipiga kelele kama mnadi.

"Pneu ya mbele, bien!"

"Bien," Ndaya akajibu kutoka mlangoni, akibonyeza alama ya tairi.

"Frein, bien! Taa ya nyuma… ngoja… bien!"

"Inauliza ulilala namna gani."

"Nililala muzuri."

"Unadanganya. Uligeuka-geuka usiku muzima sawa samaki mu mafuta. Naandika ‘moyennement', nusu-nusu."

Kisha Godefroid aliwasha basi na kuondoka, na simu ilibaki nyumbani. Alisema vumbi la barabara ya migodi lingeiharibu. Jioni Ndaya aliandika ripoti ya kurudi. Na mchana kutwa, alipokuwa akikunja vitenge au akitwanga majani ya muhogo ya sombe, simu iliita na yeye akajibu. Mwanzoni alijibu "Sawa, chef" na "Vizuri, Madame". Lakini Ndaya hakuzaliwa kuandika maneno mawili. Mlinzi wa lango alipoandika kwenye kikundi cha wafanyakazi kwamba mtoto wake ana homa, Ndaya alimwandikia sala na akamweleza namna ya kumpoza mtoto kwa kitambaa. Siku ya kuzaliwa ya Madame Chancelle aliweka picha za maua na keki, na mstari wa zaburi. Yote yalikwenda kwa jina la Godefroid Kalumba, chini ya picha yake yenye kofia.

*

Godefroid alianza kuona kwamba watu wamebadilika.

Mlinzi wa lango, aliyezoea kumfungulia huku akipiga miayo, alimfuata mpaka dirishani. "Tata, mutoto alipona. Mungu akubariki kwa ile sala."

"Amen," akasema Godefroid, asijue sala gani.

Wasichana wa ofisini walimpungia mkono. Nkulu, yule yule wa mgongo wa simu, alimpiga begani akicheka: "Tata Godefroid, ile blague yako ya padri na mbuzi, nilimusomea bibi yangu, alianguka ku kitanda!" Godefroid alicheka naye, kwa tahadhari. Hakujua kichekesho chochote cha padri na mbuzi, na alikuwa Mkatoliki mzuri.

Yote hayo angeyavumilia. Heshima haichomi, hata kama hujui ilikotoka. Lakini Alhamisi moja, maegeshoni, Mushiya alikuja moja kwa moja mbele yake.

Mushiya alikuwa dereva wa pikapu ya wakubwa. Zamani walikuwa marafiki wa kula sahani moja. Tangu mama yake Godefroid afariki, walikuwa hawasemezani. Mmoja akiingia kantini, mwenzake alikumbuka shughuli nje. Sasa Mushiya alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ndugu yangu," akasema, "ile pardon yako… Nilisoma, nikasoma tena. Ulinitosha jiwe ku kifua."

Godefroid alisimama kama gari lililozimika kwenye mlima. Alitaka kuuvuta mkono wake. Lakini madereva walikuwa wakitazama, Nkulu alikuwa akitabasamu kwa machozi, na mtu fulani alikuwa ameanza kupiga makofi. Aliuacha mkono wake hapo ulipokuwa, mkavu kama kuni, mpaka Mushiya alipouachia mwenyewe.

*

"Ulimusamehe Mushiya kwa jina yangu?"

Ndaya alikuwa anasonga bukari. Hakugeuka. "Aliandika."

"Aliandika nini?"

"Alisema halali usiku. Alisema kila anapoona basi yako anapata haya. Alisema anaomba pardon juu ya kilio, ile matanga ya mama."

"Na weye ukajibu."

"Ningefanya nini, nimuache na ile barua mu hewa? Nikajibu kwamba bitu bya zamani bimepita."

"Bimepita wapi?" Godefroid akapaza sauti. "Mama alikufa kule Tenke. Mushiya aliniambia, ‘Nitakuya na pikapu, tutamurudisha mama Kolwezi na heshima.' Tulingoja. Batu bote banasimama na sanduku ku barabara, jua inachoma, telefone yake imefungwa. Mama yangu alifika ku kilio yake juu ya magunia ya makala, makaa ya kupikia! Wajomba banapangusa sanduku na majani! Hiyo njo bitu bya zamani?"

Ndaya aliuinua mwiko, bukari ikiwa imeganda mwishoni. "Mi pia nilikuwa pale, Tata Gael. Nililia pale. Lakini tangu ile siku, ile kinyongo inakaa na shiye ku meza, inakula bukari yetu, inalala kati yetu. Nilichoka kuipikia."

"Haikukuwa yako ya kufukuza! Kesho naenda kumuambia: Mushiya, si mi nilikuandikia."

"Nenda. Na akikuuliza nani aliandika?"

Godefroid aliona ukumbi, aliona vijana wanacheka, aliona ndoo na mabasi yenye matope.

Wakati huo huo simu ya kazi ililia juu ya kabati. Wote wawili waliitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Ndaya akaichukua, akasoma, akakaa kwenye kiti polepole, mwiko bado mkononi.

"Ni nini?"

"Madame Chancelle," akasema Ndaya. "‘Cher Papa Godefroid. Kati ya wafanyakazi wote, ni weye ulikumbatia culture digitale na moyo wote. Ripoti yako inafika mbele ya zote, na maneno yako inajenga batu. Bakubwa ba direction bamekuchagua kuwa balozi wa simu mpya. Vendredi ya juma ijayo utakuya mbele ya wafanyakazi na wakubwa wote, utaonyesha na telefone yako, ku ukuta mukubwa, namna unafanya kazi yako.'"

Bukari ilianza kunuka kuungua. Hakuna aliyeinuka.

"Na umeshajibu?" Godefroid akauliza kwa sauti ndogo.

"Bado."

"Jibu niko mugonjwa."

"Wiki nzima mbele?"

*

Wiki ile Godefroid alirudi shule, na mwalimu wake hakuwa na huruma.

"Gusa. Nilisema gusa, sikusema piga. Unafinya sawa unaua mbu."

"Kidole yangu ni kubwa."

"Kidole ya Nkulu ni kubwa kuliko yako. Haya. Kijani ni kuendelea. Rouge ni kurudi nyuma. Usiguse rouge."

Aligusa nyekundu. Alianza upya. Alifuta picha za ubatizo wa mjukuu. Aliituma alama ya ng'ombe kwa mkuu wa usalama. Jioni moja, akiwa ametoka kuoga na taulo kiunoni, alibonyeza kitu kilichoonekana kwake hakina madhara, na uso wa Madame Chancelle ukatokea kwenye kioo, ukiwa na kijiko mdomoni.

"Papa Godefroid?"

Godefroid aliitupa simu kitandani na kuikalia. Kutoka chini yake sauti ya redio iliendelea kuita, "Papa Godefroid? Kuna giza huko?" Ndaya alicheka mpaka akashikilia ukuta. Godefroid alimtazama kwa hasira, kisha hasira ikamponyoka naye akacheka pia, akiwa bado ameikalia simu. Walikuwa hawajacheka pamoja hivyo kwa muda mrefu, na wote wawili waliliona jambo hilo bila kulisema.

Habari ya Mushiya hawakuigusa tena. Usiku, Ndaya alipozima taa, Godefroid alisema mara moja tu gizani, "Ulifanya vibaya." Ndaya akasema, "Najua." Wakageuka kila mmoja upande wake.

Kufikia Ijumaa alijua kufungua programu, kujaza matairi na breki, na kutuma. Kuandika maneno alikuwa bado. Kila herufi aliitafuta kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka majanini. Ndaya alimpigia pasi shati jeupe, akamtia miwani mfukoni, akamsindikiza mpaka langoni. Kisha alirudi ndani, akajaribu kukata vitunguu, akashindwa. Alichukua simu yake yenye kioo kilichopasuka.

*

Ukumbi ulijaa. Mkurugenzi alikaa mbele na wageni wake, nyuma yao makarani, mafundi, madereva na wapishi wa kambi. Madame Chancelle alizungumza juu ya nyakati mpya na juu ya woga ambao kila mtu anaweza kuushinda, kisha akamwita balozi. Makofi yalikuwa makubwa. Simu ya Godefroid iliunganishwa na mashine, na ghafla kioo chake chote kikawa juu ya ukuta, kikubwa kama mlango wa kanisa.

"Naanza na pneu," akasema Godefroid. Jasho lilikuwa limemtoka shingoni. Aligusa kijani. Ukutani, alama ya tairi ikawaka. Watu wakapiga makofi. Aligusa breki, ikawaka. Alianza kupumua.

Hapo ukuta ukalia *ting*, na juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha mtu, yakatokea maneno:

*Mama Gael: Tata Gael ulishafika? Kumbuka kijani ni mbele ROUGE NI NYUMA. Miwani iko mu mufuko ya shati.*

Mkono wa Godefroid ukaenda wenyewe mfukoni mwa shati. Miwani ilikuwemo. Mtu mmoja nyuma akacheka puani.

*Ting.*

*Mama Gael: Ukishindwa kabisa sema tumbo inauma utoke inje.*

Ukumbi ukalipuka. Wapishi walipigana mabega, Nkulu alijifunika uso kwa kofia, na mgeni mmoja wa mkurugenzi aliomba atafsiriwe, akatafsiriwa, akaanza kucheka kwa kuchelewa, peke yake. Madame Chancelle alisimama kinywa wazi. Godefroid aliivaa miwani. Hakukuwa na pa kwenda. Nyuma yake kulikuwa na ukuta, na ukutani kulikuwa na mkewe.

"Madame," akasema kelele zilipopungua, "tumbo haiumi. Ni bibi yangu, Louise Ndaya. Ni yeye mulikuwa munaandikia. Sala, maua, blague ya padri na mbuzi, ni yeye. Mi natazama pneu, yeye anafinya. Nilikuwa na haya kusema sijui."

Madame Chancelle aliutazama ukuta, akamtazama yeye. Alikuwa kijana, lakini hakuwa mpumbavu. "Na wengine?" akauliza ukumbi mzima. "Nani mwingine anafinyiwa?"

Mkono mmoja ulinyanyuka, wa mlinzi wa lango: "Mutoto yangu ya shule." Wa pili: "Dada ya bibi." Nkulu aliinua wake bila kuivua kofia usoni. Mikono iliendelea kuota kama uyoga, na mkurugenzi, ambaye kila mtu alijua kwamba katibu wake ndiye aliyemsomea barua zake, alianza kukagua kamba za viatu vyake. Kicheko kilichofuata hakikuwa cha kumcheka mtu. Godefroid naye alitabasamu, akadhani yameisha.

*Ting.*

*Mama Gael: Na Mushiya usimuangalie macho asikuulize mambo ya ile pardon niliandika.*

Kicheko kilikufa mstari kwa mstari, kadiri watu walivyomaliza kusoma.

Mushiya alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alisimama. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya jivu. "Kumbe," akasema. "Kumbe ata ile pardon ni ya bibi yako."

Hili ndilo Godefroid alilotaka wiki nzima: Mushiya ajue. Sasa alijua, mbele ya watu wote, na mikono yake mikubwa ilining'inia kama ya mtu aliyevuliwa koti barabarani. Godefroid aliikumbuka haya ile. Alikuwa ameivaa yeye, pale Tenke, kando ya sanduku.

"Mi naenda," akasema Mushiya, akaanza kupita katikati ya magoti ya watu.

"Ngoja," akasema Godefroid.

Aliinamia simu. Aliondoka kwenye matairi, akagusa nyekundu kwa makusudi, akarudi nyuma, akatafuta mpaka akaliona jina la Mushiya. Kidole chake kilianza kutafuta herufi. Ukutani zilitokea moja moja, kubwa, na ukumbi ukaanza kuzisoma kwa sauti, bila kuagizwa, kama watoto wa darasa la kwanza.

*mushia*

"Mu-shi-a," ukumbi ukasema. Mushiya alisimama mlangoni.

*pardo ile iliandikwa na bibi*

Mtu alicheka kidogo, akanyamazishwa kwa kiwiko.

*mi sijasamee*

Hakuna aliyesoma hilo kwa sauti. Kidole kilikaa juu ya kioo muda mrefu. Madame Chancelle alikuwa amelikumbatia daftari lake kifuani. Godefroid alifuta jasho kwenye pua, akaendelea.

*kuya siku ya mungu tuongee. bibi atapika kuku*

Aligusa kijani. Mfukoni mwa Mushiya, pale mlangoni, kitu kililia. Aliitoa simu yake, akaisoma kana kwamba hakuwa ameona ukutani, kisha akaiweka tena mfukoni.

"Nitakuya," akasema.

*

Godefroid aliporudi, Ndaya alikuwa langoni. "Messages zangu zilifika?"

"Zilifika. Kwa batu bote."

Alipomaliza kumsimulia, Ndaya alikaa kwenye ngazi, kitenge kimefunika kichwa, na kwa muda haikujulikana analia au anacheka. Ubalozi ulikuwa umevunjwa. Madame Chancelle alikuwa ameomba mwezi mwingine kwa wote walioinua mikono, na Godefroid angekaa nao benchi la mbele. Usukani ulikuwa bado wake, kwa sasa.

Jumapili baada ya misa Mushiya alikuja na shati lililopigwa pasi kupita kiasi. Walikula kuku na sombe, wakinyonya mifupa. Hatimaye Mushiya aliweka mikono kando ya sahani.

"Chef alininyang'anya funguo," akasema. "Ile asubuhi. Alisema, ukienda Tenke na gari ya kampuni, usirudi kazini. Niliogopa. Nikafunga telefone. Ningekuambia na mudomo gani?"

"Na huu unakulia kuku," akasema Godefroid.

Mushiya aliinamisha kichwa. Ndaya alimkanyaga mumewe chini ya meza. Godefroid hakumjali. Alisimulia yote: jua, barabara, lori la makaa, vumbi jeusi juu ya sanduku jeupe, namna wajomba walivyomtazama. Hakuacha kitu. Mushiya alisikiliza mpaka mwisho bila kujitetea, akilia wazi, machozi yakianguka kwenye sombe.

"Mama alifika mweusi," Godefroid akamalizia. "Ye mwenye aliuzisha makala ku soko maisha yake yote." Aligeuza mfupa sahanini. "Labda aliwaza ni mali yake inamusindikiza."

Ndaya ndiye aliyeshindwa wa kwanza. Alicheka kwa aibu, mkono mdomoni, na Godefroid akamfuata, akicheka na kulia, akipiga meza mpaka sahani zikaruka. Mushiya aliwatazama kwa hofu, asijue kama ameruhusiwa, kisha naye akajiachia.

Alipoaga, Godefroid alimsindikiza mpaka barabarani, ambako pikipiki za abiria zilipita zikitimua vumbi. Mushiya alisimama mguu mmoja mbele.

"Basi, ndugu yangu, bimepita?" akauliza.

Godefroid alifikiri kwa uaminifu. Alijipima kifuani kama mtu anayepima upepo wa tairi.

"Basi nini?" akasema. "Siku ya Mungu ingine kuya tena. Na ulete kuku weye. Ile ya leo ilikuwa yangu."